Beli ya Tatu

Msomaji, ile karatasi uliyoiacha mkononi mwa Elsie Jumamosi iliyopita bado iko pale pale.

Ilikuwa imejificha chini kabisa ya gunia, imekunjwa mara mbili. Juu yake fuvu la kichwa na mifupa miwili. Chini ya fuvu, maandishi meusi: MBEGU YA KUPANDA. IMETIWA DAWA YA WADUDU. SI CHAKULA.

Nje ya nyumba yake hapo Kaloleni, mtaa wa mji wa ziwani, kuku wanne wa jirani walikuwa wamelala miguu juu, mahali pale pale ambapo makapi ya mtama yalimwagwa jana.

Wewe uliyejiunga nasi leo, usihofu kupotea. Elsie ndiye mtengenezaji wa Uji wa Kukhu, yaani wa bibi, ule unga wenye picha ya bibi kizee ameshika kikombe. Wimbi, mhogo na mtama, pakiti ya kilo moja. Kina mama wanaowanywesha watoto wao uji huo ni wengi, na wiki hii mtama wake ulitoka katika gunia hilo.

Mahindi yakitiwa dawa ile hugeuka rangi, hata asiyeona vizuri atauliza. Lakini mtama wa huku ni mwekundu tangu kuumbwa. Rangi ya sumu ilijilaza juu yake ikatulia, na hakuna aliyeishtukia.

Au tuseme ukweli, mmoja aliishtukia.

"Dada, si nilikuambia?" Dorca, mfanyakazi wake, alikuwa amesimama mlangoni. "Siku ile naosha. Nilisema maji imekuwa nyekundu sana. Ukanicheka."

Alimcheka kweli. Alimwambia mtama mwekundu hutoa rangi, kwani wewe umeanza kula mtama leo?

"Dorca, wewe unajisikiaje?"

Dorca akajigusa midomo kwa vidole viwili.

"Imelala. Tangu jana nikichekecha ule unga. Mdomo iko kama ya mtu ametoka kung'olewa jino. Na tumbo inanikata."

Elsie akachomoa simu. Akaipiga picha ile karatasi, akaituma kwa simu ya Dorca, akamsukuma nje. "Panda pikipiki, uende hospitali sasa hivi. Waonyeshe hiyo picha. Usinywe kitu njiani, usingoje kitu."

Akabaki peke yake na hesabu moja kichwani. Gunia lile lilitoa beli nne, kila beli pakiti ishirini na nne. Beli moja ilikuwa hapa, kando ya mlango. Tatu zilikwenda Bondo jana, kwa msambazaji wake, Ogola.

Alimpigia Wechuli, muuza nafaka aliyemletea gunia. Simu imezimwa. Ya Wechuli tutayarudia, na siku hiyo hatacheka.

Sasa msomaji, hapa ndipo ningekuwa na Elsie ningemshika mkono. Angeweza kupiga simu redioni. Kwa dakika tano pwani yote ya ziwa, kuanzia Dunga hadi Port Victoria, ingejua kwamba Uji wa Kukhu usiguswe. Alilifikiria hilo. Akaufikiria pia mwaka wake wa nne bila mshahara, tangu aache ualimu. Akamfikiria binti yake Terry, miaka sita, anayelelewa na bibi yake Port Victoria mpaka biashara isimame. Biashara ilikuwa ndiyo kwanza imesimama.

Ni beli tatu tu, alijiambia. Naweza kuzirudisha kimya kimya.

Akampigia Ogola na kumdanganya.

"Mzee Ogola, habari ya asubuhi? Nisikilize. Zile beli tatu za jana, zirudishe. Kuna makosa kidogo kwa lebo. Nitakuletea zingine kesho."

Akasikia kicheko, kile cha mtu asiyefurahi.

"Lebo."

"Ndiyo, lebo. Umezipeleka kwa duka gani? Niambie tu jina, nizifuate mwenyewe."

"Ati nikuambie jina ya duka?" Ogola akacheka tena. "Elsie, yawa. Mimi si mtoto."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

Lazima ujue kwa nini. Mali haifiki kwa mlaji kwa miguu yake. Elsie husaga na kupakia. Ogola hununua kwa beli, akasambaza kwa maduka ya ufuoni. Mwenye duka naye huuza pakiti, au huimimina katika mkebe akawapimia wanyonge kwa kikombe. Na kila mmoja katika mlolongo huo humficha anayemfuata kama kuku anavyoficha vifaranga. Mtengenezaji akilijua duka, atamruka msambazaji. Msambazaji akimjua mnunuzi, atamruka mwenye duka.

Na Elsie alishawahi kuruka. Mwaka jana, Usenge. Alimwendea mwenye duka moja kwa moja, akamuuzia kwa bei nafuu, akadhani hakuna aliyeona. Ogola aliona. Hakusema neno, lakini tangu siku ile hajataja tena jina la duka hata moja mbele ya Elsie. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hakuwa na njia nyingine ila kwenda.

*

Saa nne na nusu alikuwa Bondo, ndani ya stoo ya Ogola, jasho likimtiririka mgongoni.

Ogola alikuwa mtu mzito, mpole wa sauti, mwenye kalamu sikioni. Hakunyanyuka.

"Karibu, Madam. Umekuja na hiyo lebo?"

Macho ya Elsie yalikuwa yameshaona picha ya kizee na kikombe chake, pale nyuma ya magunia ya sukari. Beli moja. Juu yake, ya pili. Alizikimbilia akazikumbatia, akapitisha mkono kwenye mshono. Hazijafunguliwa! Alitaka kulia kwa furaha.

"Na ya tatu?"

"Ya tatu imeenda."

"Imeenda lini? Si nilikupigia saa mbili!"

"Ndiyo imeenda saa mbili." Ogola akaegemea kiti. "Ulipotaja lebo nikajua mambo ya Usenge imerudi. Nikasema, huyu mama anataka kuchukua line yangu. Nikaita mtu wa pikipiki hapo hapo. Nikamwambia peleka hii kwa duka, mwambie mwenye duka auze haraka haraka, hata kwa kupima. Ukifika upate mali yako imeisha. Hizi mbili alikuwa anarudia mchana."

Elsie alimtazama mdomo wazi. Bila simu yake, beli ile ingekuwa hapa hapa, ya tatu juu ya zile mbili. Uongo wake ndio ulioifunga kamba nyuma ya pikipiki.

"Duka gani, Mzee?"

"Hiyo sikuambii."

"Duka gani!"

"Madam, usinipigie kelele kwa stoo yangu."

Basi akaitoa. Ile karatasi. Akaikunjua juu ya meza, juu ya mikono yake Ogola, akarudi nyuma hatua moja.

Ogola aliisoma mara ya kwanza akiwa bado anatabasamu. Mara ya pili tabasamu halikuwepo. Akaondoa mikono mezani kama mtu aliyeona nyoka.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Ndani ya gunia nililosagia. Kuku wamekufa. Msichana wangu yuko hospitali."

"Na wewe uliniambia lebo?" Sauti ya Ogola ilipanda. "Uliniambia *lebo*, Elsie? Watoto ya watu wanakunywa hii kitu! Kama ungesema sumu, mimi ningekalia hiyo beli mpaka ufike!"

Elsie alisimama akilia waziwazi, bila kujifuta.

Ogola alikuwa ameshashika simu. Akapiga, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Haipatikani. Haipatikani, yawa. Twende. Pick-up iko nje."

"Twende wapi?"

"Port Victoria. Duka ya Mathews."

Elsie akakimbilia mlangoni.

Port Victoria ni kwao. Mama yake, Mama Naswa, ana nyumba ya mabati mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka duka la Mathews. Na Terry yuko huko, shule zimefungwa.

Lakini upesi akajituliza. Mama Naswa hanunui unga wa pakiti. Hilo wote wanalijua. Siku Elsie alipoacha ualimu, mama yake alimwambia mbele ya ukoo mzima: "Picha ya kukhu kwa karatasi haiwezi kunifundisha kupika uji. Mimi nitasaga wimbi yangu mpaka niingie kaburini." Tangu hapo hawajalizungumza tena. Neno lile lilimchoma Elsie miaka minne. Leo, ndani ya pick-up ya Ogola, alimshukuru Mungu kwa ajili ya neno hilo.

Alimpigia mama yake hata hivyo, amtume akimbie kwa Mathews. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Iliita tena.

"Yuko shambani," alimwambia Ogola. "Simu huiacha kitandani."

Ogola alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, hasemi. Walipovuka daraja la Ruambwa ndipo akafungua mdomo.

"Unajua Port Victoria ndiyo ilikuokoa?"

"Kivipi?"

"Mwaka juzi Mathews alitaka kuacha unga yako. Ati haitoki. Halafu ghafla akapata kastoma mmoja. Kila mzigo ikifika, huyo mtu anakuja siku hiyo hiyo anabeba pakiti mbili. Hakosi. Majirani wakaona, nao wakaanza. Mathews hajawahi kuniambia ni nani." Akameza mate. "Hata mimi nilitaka kumjua, nimruke."

*

Duka la Mathews liko karibu na pale samaki wanapopimwa, na saa sita na nusu watu walikuwa wengi. Elsie aliruka kabla gari halijasimama.

Alichokiona kwanza ni mkebe. Mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, uliofunguliwa juu, umejaa unga mwekundu mpaka shingoni. Pakiti zenye kizee zilikuwa kando yake, zimepasuliwa, tupu. Mathews ameshika kikombe. Na mbele ya kaunta mama mmoja, mgongoni ana mtoto amelala, amenyoosha mkono kupokea unga wake ndani ya gazeti.

Elsie hakuwaza. Alimpokonya yule mama lile gazeti, akalitupa chini, akalikanyaga.

"Uwii! Mwizi!" Mama yule alikuwa muuza omena, wale dagaa wa ziwani, anaitwa Winny, na sauti yake ilizoea kushindana na upepo wa ziwa. "Mwizi! Amenyang'anya mimi! Mwizi!"

Jamani, neno hilo lina miguu. Kabla Elsie hajageuka, waliokuwa wakipima samaki walikuwa wameacha mizani. Mmoja alikuwa na kasia. Mwingine ameokota jiwe. Mkono ukamshika ukosi, blauzi ikachanika begani.

"Mimi si mwizi!"

"Chapa yeye kwanza!"

"Piga!"

Ogola alikuwa nyuma anapiga kelele kwa Kijaluo, hakuna aliyemsikia. Kofi la kwanza lilimpata Elsie sikioni. Dunia ikalia kengele.

Hapo ndipo alipochagua, msomaji. Angeweza kusema ana wazimu, angeweza kusema amemfananisha mtu. Bado palikuwa na uongo mmoja au miwili uliobaki. Alivuta pumzi akapaza sauti kuliko Winny.

"Huo unga ni wangu! Ni mimi ninautengeneza! Una sumu! Una sumu, msiule!"

Mikono ikamwachia.

Watu walirudi nyuma wote kwa pamoja, si kwa sababu ya heshima. Winny akamfungua mtoto mgongoni, akaanza kumfuta vidole kwa leso, vidole ambavyo havikuwa vimegusa kitu.

"Wewe?" akasema taratibu. "Wewe ndiye mwenye hii kitu? Na unakuja kutuuzia sumu?"

"Ndiyo, ni mimi." Elsie alivuta blauzi iliyochanika. "Sikujua. Nimejua leo asubuhi. Ilipaswa niseme asubuhi hiyo hiyo, nikaogopa. Mnisamehe au msinisamehe, lakini huo unga usipikwe."

Watu mia moja walisikia. Jioni watakuwa elfu. Uji wa Kukhu ulikufa pale, mbele ya mizani ya samaki, na aliyeuua ni yule yule aliyeuzaa. Elsie alilijua hilo akilisema. Ajabu ni kwamba kifua kilikuwa chepesi.

"Muacheni," Mathews alisema kutoka nyuma ya kaunta. Alikuwa mtu mwembamba, mlokole, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Uso wake ulikuwa umepauka. "Huyu ni mtoto wa hapa. Ni Elsie wa kwa Naswa."

Elsie akaikimbilia kaunta.

"Mathews, umeuza ngapi?"

"Hii mkebe nimefungua saa hii. Ogola alisema niuze haraka, lakini watu wote walikuwa kwa samaki. Winny ndiye wa kwanza."

"Ngapi umemwaga?"

"Pakiti sita."

"Na zingine?"

Mathews akazishusha. Ogola akahesabu kwa sauti, akizipanga juu ya kaunta, moja baada ya nyingine, na umati ukahesabu naye. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita.

Kumi na sita na sita. Ishirini na mbili.

"Mbili ziko wapi?" Elsie aliuliza.

Mathews akatazama chini.

"Ni yule kastoma?" Ogola akasema. "Wa pakiti mbili?"

"Alikuwa hapa sokoni, akaja mara tu pikipiki imetoka. Hata beli nilifungua yeye akingoja."

"Ni nani?"

"Niliapa sitasema."

"Mathews!" Elsie akaipiga kaunta kwa viganja vyote viwili, mpaka kikombe kikaruka. "Nimesema siri yangu mbele ya watu wote hawa. Wewe huwezi kusema jina moja?"

Mathews akainua macho, na Elsie akaona yamejaa machozi. Hapo akataka asiseme. Alitaka kwa nguvu zake zote jina lile libaki ndani ya kinywa cha mtu yule.

"Alisikia nataka kuacha unga yako. Akanijia hapa. Akaniambia, Mathews, wewe leta tu, mimi nitanunua. Lakini mtoto asijue. Akijua ni mimi, atafikiri ninamhurumia, na atavunjika moyo." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Elsie, ni mama yako."

Aliyekuwa na jiwe akaliweka chini.

Miaka miwili. Elsie alikuwa amejivunia Port Victoria miaka miwili. Alikuwa amewaambia wenzake sokoni kwamba unga wake unapendwa hata na watu asiowajua.

Simu ilikuwa mkononi tayari. Ikaita. Ikaita. Ikaita. Ogola alikuwa ameshakimbilia gari na kuliwasha.

Ikapokelewa.

"Halo?"

Sauti ndogo. Terry.

"Terry! Terry, mtoto wangu, mpe kukhu simu. Haraka."

"Kukhu amelala."

"Mwamshe."

"Nimeamsha. Anasema tumbo. Halafu amelala tena."

Elsie akailazimisha sauti yake iwe ya kawaida, ile sauti ya kuuliza mtoto kama amefanya kazi ya shule.

"Terry, nisikilize vizuri. Leo mmekunywa uji?"

Mtoto alikuwa anafikiri. Elsie aliisikia ile pumzi fupi, pumzi ya mtoto aliyefundishwa kitu cha kusema na anajitahidi asikosee. Ndipo akaelewa kwamba siri ile haikuishia dukani. Ilifika mpaka mezani, ikawekwa ndani ya kinywa cha mtoto wa miaka sita.

"Hapana, Mama," Terry akasema, haraka haraka kama anasoma ubaoni. "Sisi hatunywi unga yako. Sisi tulikunywa chai."

"Terry, sitakasirika. Kukhu pia hatakasirika. Niambie ukweli."

"Ni chai, Mama."

Ogola akapiga honi. Elsie hakusogea. Upande wa pili mtoto naye hakukata simu, alikuwa bado yupo, anapumua.

"Mama?"

"Naam, mtoto wangu."

"Chai inaweza kufanya mdomo ilale?"